Kipimo cha Pili

Springbok
Jumapili, 16 Agosti 1998

Kwako Jonas,

Hujambo? Usiiweke barua hii pembeni kwa sababu imechelewa miezi mitano. Nilihama na mizigo, nikafika kwa binti yangu, nikakuta wajukuu watatu wote wana tetekuwanga. Sasa wamepona, na mimi nina jambo la kukuomba.

Ndani ya bahasha kuna vipande vitatu vya filamu. Usivishike kwa vidole. (Namwambia nani!) Vilipigwa tarehe 13, 14 na 15 mwezi huu, kila kimoja saa tatu na nusu usiku, kwa dakika kumi, upande wa kusini wa nyota ya Fomalhauti. Kwenye kila kipande nimezungushia wino kidoa kidogo chenye ukungu. Kidoa hicho kinasogea. Nimetafuta kwenye orodha zote nilizoweza kupata za sayari ndogo na za nyota zenye mkia, hakimo. Naandika polepole ili nisijidanganye: nafikiri ni nyota yenye mkia, kometi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona.

Darubini na kamera ni vya Bwana Nikolaas Cloete, jirani yetu, aliyekuwa mpima ardhi kwenye mgodi wa shaba. Ana pia kompyuta, na ndani yake kuna programu inayosoma picha za anga. Unaipitisha filamu kwenye skana, programu inaokota nyota, inazifunga tatu tatu kuwa pembetatu, halafu inazitafuta pembetatu hizo kwenye orodha yake ya nyota milioni kadhaa. Ikishazitambua, inakuambia kila kidoa kwenye picha kiko wapi angani. Dakika mbili, Jonas. Nilikaa kwenye kiti nikacheka mpaka Cloete akaniletea maji. Sisi kule kituo cha nyota, kioo kimoja cha picha kilikuwa kinatuchukua siku mbili.

Shida ni hii. Mwaka jana Cloete alipeleka taarifa kwa ofisi kuu ya kometi kule Marekani, na kometi yake ikawa tone la maji lililokauka kwenye filamu. Walimjibu mistari miwili ya adabu. Taarifa nyingine ikitoka mtaa huuhuu, bila kipimo cha mtu mwingine kwa chombo kingine, wataiweka chini ya rundo. Kwa hiyo naomba upime kwa ile mashine yako ya kupimia picha, kwa mkono; namba za programu ziko nyuma ya ukurasa huu. Kipimo chako kikikubaliana na cha programu, tunapeleka siku hiyohiyo.

Unajua utaratibu: kometi hupewa jina la aliyeitolea taarifa kwanza. Cloete hataki jina lake litumike, anasema kidoa nilikiona mimi. Miaka thelathini na moja nimekaa kituoni kwa wale mabwana, na kwenye vitabu vyao vyote mimi na wewe tumeandikwa "wapimaji", kwa herufi ndogo. Nina miaka sitini na minane. Ningependa jina la baba yangu likae mahali.

Simu sitapiga. Laini yenu bado ni moja kwa nyumba sita, na nawajua wenye nyumba zote sita.

Dorothea Fielies


Sutherland
Alhamisi, 20 Agosti 1998

Dorothea mpendwa,

Barua yako ilifika jana pamoja na theluji. Nimefurahi kwamba wajukuu wamepona. Nimefurahi vilevile kwamba umepata jirani mwenye vyombo. Katika barua ya ukurasa mmoja na nusu umelitaja jina lake mara nne. Nimehesabu kwa mazoea ya kazi tu.

Dada yangu Sanna alikuwa hapa ameleta mkate. Akaniuliza, "Mbona umeng'ata kalamu hivyo? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Dorothea amepata kompyuta."

"Kompyuta ndiyo inakufanya uso uwe kama kondoo aliyenyolewa wakati wa baridi? Kompyuta hiyo ina masharubu?"

Nilimpa kahawa yake akanywee kwake.

Sasa niruhusu nieleze, maana jambo lenyewe linahitaji maelezo. Programu haioni. Inalinganisha maumbo, basi. Tone la maji likianguka mahali pazuri, nalo litapewa anwani angani kama nyota halali. Sisi tulifundishwa kwamba kila jicho lina upande linaoegemea. Jicho langu huegemea kulia, sehemu moja ya elfu ya milimita au zaidi kidogo. Ndiyo maana tulikipima kioo, tukakigeuza kichwa chini, tukakipima tena na kuchukua wastani. Muulize Bwana Cloete: mashine yake inageuza nini? Na inajuaje kwamba inaegemea?

Nimepima leo asubuhi kwenye meza ya kulia chakula, kwa mashine ileile niliyoinunua siku kituo kilipouza vitu vyake vya zamani. Nimetumia nyota nane kutoka kwenye orodha ya jalada jeusi. Ilinibidi nisome mwenyewe na kuandika mwenyewe, kazi ya kipuuzi kabisa: ukiinua jicho kuandika namba, unaupoteza uzi wa kupimia ndani ya lenzi, unaanza upya. Mara mbili nilitamka namba kwa sauti nikangoja mtu aniitikie.

Matokeo ni haya. Kidoa chako si tone la maji. Ukungu wake unafifia taratibu kuelekea nje, na tone la maji lina ukingo. Kwa hilo nakupongeza kwa moyo mmoja. Lakini programu ya Bwana Cloete imekosea mahali kilipo. Tofauti kati ya namba zake na zangu ni nusu digrii na zaidi, yaani upana wa mwezi mpevu na chenji juu, kwa vipande vyote vitatu. Ukipeleka namba zile, watu watageuza darubini zao kwenye anga tupu, na wewe utakuwa tone la pili la maji.

Usipeleke. Karatasi za kipimo changu nimeambatisha.

Nauliza tu: huyu Cloete ana mke?

Jonas Vlotman


Springbok
Jumatatu, 24 Agosti 1998

Kwako Jonas,

Karatasi zako nimezipata. Usomaji wako ni uleule, nyota nane na hakuna hata moja iliyokwenda kombo. Nilizishika muda mrefu. Unaandika saba yako vilevile, na kamkia.

Naomba uzitazame tena. Au usipime, kaa tu uitazame hiyo tofauti. Ni ileile siku zote tatu, kwa ukubwa uleule, kuelekea upande uleule. Programu ikikosea, haikosei kwa unadhifu namna hiyo. Kumbuka tulivyokuwa tunafanya kazi. Wewe ulikuwa unasoma, mimi naandika, halafu nilizichukua namba zako nikaenda nazo kwenye meza ya dirishani, nikakaa huko saa mbili. Fikiri nilikuwa nazifanyia nini.

Sitaki kusema zaidi. Kipimo ni chako na lazima marekebisho yatoke kwako, kwa sahihi yako. Mimi siwezi kukujazia fomu, wataniuliza ni kipimo cha nani. Nikipata neno lako mwisho wa wiki hii au Jumatatu, taarifa itaondoka siku hiyo ikiwa na wapimaji wawili, na safari hii majina yatakuwa kwa herufi kubwa.

Umeuliza kama Cloete ana mke. Alikuwa naye, alifariki miaka minane iliyopita. Jumamosi alinipeleka na wajukuu kuona maua. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huu, mlima mzima umekuwa rangi ya chungwa. Njiani aliniuliza, "Kwa nini unamngoja huyo mzee? Namba tunazo."

"Nangoja mkono wake."

"Mkono wake, au mwenye mkono?"

"Nikolaas, endesha gari."

Wajukuu walicheka mpaka wa mwisho akapaliwa na maharage. Cloete anapika maharage na nyama ya kondoo vizuri kuliko binti yangu, lakini usije ukasema nimesema.

Fanya haraka. Kidoa kinazidi kung'aa. Kama sisi tumekiona, wengine nao watakiona.

Dorothea


Sutherland
Ijumaa, 28 Agosti 1998

Dorothea,

Nimepima tena. Nimevigeuza vipande vyote vitatu kichwa chini kama tulivyofundishwa. Matokeo ni yaleyale. Programu imekosea. Sina la kurekebisha.

Kuhusu meza ya dirishani, sikumbuki vizuri ulikuwa unafanya nini. Nakumbuka ulikuwa umekaa mgongo wako kwangu na jua likikupiga kwenye mkono wa kushoto.

Habari ya maua nimeisoma. Ni kweli, kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kukupeleka kuona maua. Sikuwa na gari, na hukuwahi kusema kwamba unayapenda. Mpima ardhi bila shaka anajua barabara zote.

Ushauri wangu ni kwamba umrudishie Bwana Cloete programu yake, na ungoje. Kometi ya kweli haiharibiki kwa kungojwa. Mimi nitakuja mwezi wa kumi, barabara zikikauka, na mashine yangu nikiifunga vizuri kwenye blanketi. Tutapima pamoja, wewe na mimi, kama kawaida.

Jonas


Springbok
Jumamosi, 29 Agosti 1998

Kwako Oom Jonas,

Shikamoo. Hatujuani, lakini niruhusu nikuite Oom, mjomba. Mimi ni Nikolaas Cloete, mwenye tone la maji. Nimeipata anwani yako kwenye bahasha iliyokuwa mezani kwa Bi Dorothea, na yeye hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo akiniua nitajua ni nani aliyesema.

Oom, nakuomba. Mimi kazi yangu ilikuwa ardhi, na ardhi hukaa ilipo. Hiki kidoa hakikai. Kila jioni nafunga kamera, naye Bi Dorothea anasimama pale na shali yake. Nikimaliza ananiambia, "Umepiga? Vizuri. Lakini usipeleke." Jana nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Na kama huyo Oom Jonas wako amekosea?"

Akaniambia, "Jonas hakosei. Jonas huchelewa."

Sasa ukisikia mwanamke anamtetea mtu namna hiyo, unafanya nini? Nilikwenda kupika maharage.

Leo mwezi uko karibu nusu. Kufikia Jumatano utakuwa unamulika sehemu ile ya anga usiku kucha, na hatutapiga picha nyingine mpaka katikati ya Septemba. Watu wako Australia, wako New Zealand, wana vyombo ambavyo mimi naviona kwenye magazeti tu. Nakuomba uandike namba zako ziwe jinsi zinavyotakiwa ziwe. Yeye anasema unajua. Mimi sielewi unajua nini, lakini yeye anasema unajua.

La mwisho nalisema wazi ili usije ukasikia kwa watu, ukadhani Cloete alipitia mlango wa nyuma. Mwezi wa saba nilimposa. Kidoa kilipoonekana, alisema atanijibu kometi ikishapata jina. Kwa hiyo na mimi ninangoja mkono wako, Oom, tena pengine kuliko yeye.

Wako kwa heshima,
N. Cloete


Sutherland
Jumatano, 2 Septemba 1998

Dorothea,

Bwana Cloete ameniandikia. Ana miaka mingapi? Ananiita Oom, kana kwamba mimi ni mjomba aliyembeba mgongoni. Nilikaa na barua yake jana mchana kutwa, nikitafuta mahali pa kumchukia, na kila nilipopapata aliniwahi akapasema yeye mwenyewe.

Sasa nitaeleza, na safari hii nitaeleza kama ambavyo ningemweleza mwanafunzi, kwa sababu sijui njia nyingine ya kusema jambo.

Dunia inazunguka kama pia, na kama pia, inayumba. Mhimili wake unachora duara angani taratibu mno, duara moja kwa miaka elfu ishirini na sita. Mistari tunayopimia nyota imefungwa kwenye mhimili huo, kwa hiyo nayo inateleza. Nyota haijaenda popote, ila anwani yake imebadilika. Ndiyo maana kila orodha ya nyota huandikwa mwaka wake. Programu ya Bwana Cloete inatumia orodha ya mwaka 2000. Orodha yangu ya jalada jeusi ni ya mwaka 1950. Miaka hamsini ya kuyumba, katika sehemu ile ya anga, ni nusu digrii na zaidi kidogo. Upana wa mwezi na chenji juu. Programu haikukosea.

Kila mtoto aliyesoma mambo ya anga mwaka mmoja anajua hayo. Mimi niliyasahau kwa sababu kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kuyafanya. Namba zilitoka mkononi mwangu zikiwa za mwaka wa kitabu, zikaenda kwenye meza ya dirishani, zikarudi zimechapwa za mwaka wa kazi. Nilizipokea kama mtu anavyopokea shati lililopigwa pasi. Sikuuliza nani kalipiga.

Hilo la tarehe 20 lilikuwa usahaulifu.

La tarehe 28 halikuwa usahaulifu. Barua yako ya tarehe 24 niliielewa kabla sijamaliza kuisoma. Nilifungua jalada jeusi, nikaona 1950 kwa herufi za dhahabu. Halafu nikasoma habari ya maua, na ya mkono na mwenye mkono. Nikakuandikia kwamba nimepima tena. Sikupima. Mashine ilikuwa imefunikwa na kitambaa.

Naambatisha vipimo vitatu, nimevileta mwaka 2000 mwenyewe, kwa sahihi yangu. Vipeleke leo hiihii. Barua hii nitaipeleka posta sasa, kwa miguu, kabla gari la barua halijaondoka.

Jonas


Springbok
Ijumaa, 4 Septemba 1998

Jonas,

Nitakupa mambo kwa mpangilio wake.

Jumatatu asubuhi nilipokea barua yako ya tarehe 28, ya kipimo cha pili. Kosa la kwanza nililitambua siku ileile nilipoliona, nikacheka peke yangu, nikasema Jonas ameniachia kazi yangu mpaka leo. Nilikuwa naona raha kungoja ulione. Lakini uliposema umepima tena, nilijua. Mtu anayejipima mara mbili huandika namba mbili na wastani wake. Wewe hukuambatisha hata karatasi. Kwa maisha yako yote hujawahi kusema umepima bila kuleta karatasi.

Jumatatu yote nilikaa chumbani. Binti yangu alidhani ni mafua.

Jumanne jioni niliipeleka taarifa kwa faksi bila kipimo chako. Nilisema, wacha waiweke chini ya rundo. Jumatano wakajibu, tena kwa heshima. Wamesema vipimo ni safi na kometi ni ya kweli. Wamesema imetangazwa saa kumi na nne kabla ya faksi yangu kufika, kwa taarifa ya daktari mmoja wa meno wa New Zealand aliyeipiga picha tarehe 29. Jina lake limekwisha kuchapwa. Vipimo vyangu wataviweka kwenye jedwali pamoja na vya wengine.

Saa kumi na nne. Kama bahasha ya Jumatatu asubuhi ingekuwa na hizi namba ulizoniletea leo, taarifa ingeondoka Jumatatu mchana. Sikuandikii hivyo ili kukuumiza, nakuandikia kwa sababu ni hesabu, na wewe unapenda kuonyeshwa hesabu.

Cloete aliusoma ule ujumbe amesimama. Akauliza, "Saa kumi na nne zetu au zao?" Nikamwambia saa ni saa. Akatoka nje akaifungua kamera skrubu moja moja, akaifuta, akaifunga tena. Hakulitaja jina lako. Mimi ndiye niliyelitaja.

Usiniombe msamaha, sijui niuweke wapi kwa sasa. Na usiniambie ni kwa nini. Sababu naijua. Miaka thelathini na moja nilikuwa nimekaa umbali wa hatua nne kutoka kwenye kiti chako. Ungeweza kuniambia wivu wako kwa mdomo siku yoyote, hata siku ya Jumatano ya mvua, na nisingekukasirikia.

Nataka kitu kimoja. Kumbukumbu zao zitasema picha ya kwanza iliyotambuliwa ni ya tarehe 29 Agosti. Ya kwetu ni ya tarehe 13. Mtu yeyote atakayeliona jedwali hilo atauliza: huyu mwanamke alikaa nayo siku kumi na tisa akifanya nini? Atajibu mwenyewe kwamba hakujua alichokiona. Mimi nikiandika kujieleza, nitakuwa bibi mwenye kinyongo, na wanao wengi. Mtu pekee anayeweza kusema ilikuwaje ni wewe.

D. Fielies


Sutherland
Jumatano, 9 Septemba 1998

Dorothea,

Hii ni nakala ya barua nitakayoipeleka kwa ofisi kuu. Soma kwanza. Nimeandika rasimu saba, Sanna amewashia jiko sita. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za maelezo ya kuyumba kwa dunia. Sanna aliisoma akasema, "Kuyumba kwa dunia nimekuelewa. Sasa niambie kwako wewe kuliyumba nini."

Namba ni zilezile nilizokuletea tarehe 2. Hukusema kama ni sahihi.

Ukurasa wa pili hauhusu nyota.

Jonas

*

Kwa Mkurugenzi, Ofisi Kuu ya Kometi

Bwana,

Jina langu ni Jonas Vlotman. Nina miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mpimaji wa picha za anga katika kituo kimoja cha jimbo la Rasi, nikifanya kazi pamoja na Bi Dorothea Fielies, aliyewapelekea taarifa tarehe 1 Septemba.

Bi Fielies alikiona kidoa tarehe 13 Agosti, akakithibitisha tarehe 14 na 15, akapata mahali pake kwa programu ya kompyuta, na akanitumia filamu tarehe 16 ili nizipime kwa mkono. Alifanya hivyo kwa uangalifu, si kwa mashaka. Kipimo changu cha kwanza kilitofautiana na chake kwa sababu nilitumia orodha ya 1950 bila kuihamisha. Yeye alilitambua kosa hilo mara moja na akanipa nafasi ya kulirekebisha mwenyewe. Niliposoma barua yake nililitambua na mimi. Hata hivyo nilimwandikia kwamba nimepima mara ya pili na kwamba programu imekosea. Sikuwa nimepima.

Sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Mwenye darubini na kompyuta ni mwanamume ambaye Bi Fielies anamheshimu, nami nilimwonea wivu. Nilitaka chombo chake kiwe kimekosea. Sikufikiri kwamba kilichokuwa mezani ni jina la Bi Fielies. Au nilifikiri, nikaendelea.

Siombi jina la kometi libadilishwe. Daktari aliyeitolea taarifa hakufanya kosa lolote. Naomba barua hii iwekwe pamoja na vipimo vya Bi Fielies, ili mtu akiuliza kwa nini vilichelewa, aambiwe. Aliyeipima kometi hii kwanza ni yeye. Aliyechelewesha ni mimi.

Vipimo vyangu vitatu, vya mwaka 2000, viko hapa chini.

J. Vlotman, mpimaji


Springbok
Jumatatu, 14 Septemba 1998

Jonas,

Umekosea kwenye kipande cha tarehe 14. Ulipaswa kutoa sekunde mbili, wewe ukajumlisha, kwa hiyo uko mbali sekunde nne. Nimekurekebishia kwa wino mwekundu. Vipande viwili vingine ni sawa. Kwa mtu anayefanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na mmoja, si mbaya.

Pale ulipoandika "au nilifikiri, nikaendelea", nilitaka kupafuta. Nimepaacha.

Kwenye sahihi umeandika "mpimaji" kwa herufi ndogo. Andika kubwa.

Cloete ameisoma pia, nilimpa mimi. Aliikunja taratibu. Kisha akasema, "Oom huyu, mimi nisingeweza kuiandika hii." Akairudisha kwenye bahasha. Jibu la posa yake nilimpa Jumamosi, na ni lake, halimo kwenye barua yako.

Iandike upya kwa mkono wako, na namba nilizokurekebishia. Usimpe mtu akupelekee. Nenda mwenyewe posta, uisajili, wakupe risiti yenye muhuri, na risiti hiyo unitumie.

Ukurasa wako wa pili nimeufungua kiasi cha kuona kwamba hauna tarakimu hata moja. Nimeukunja tena, uko chini ya saa ya mezani. Nikiiona risiti, nitausoma.

Dorothea